Mti Tuliomchunia Baba Gome

Mimi sikwenda porini kuangalia wanyama. Naanza na hilo kwa sababu binti yangu ameshaweka picha kwenye simu yake na kuandika kwamba baba alifurahia wikiendi hifadhini, na sasa watu wa kanisani wananisimamisha mlangoni kuniuliza habari za twiga. Twiga nimewaona tangu sijavaa suruali. Nyati waliwahi kunilaza juu ya mti mpaka kukapambazuka. Mtu aliyekulia kwenye pori la mto Ugalla halipi kiingilio kwenda kumtazama ngiri.

Lakini nililipiwa kiingilio, nikaenda. Nilikwenda kutafuta kaburi la baba yangu kabla macho hayajafunga.

Macho yangu yanakufa kuanzia pembeni. Daktari aliniambia ni presha ya macho, kwamba nilichelewa, kwamba dawa ya matone inazuia tu, kilichokwenda hakirudi. Nikamwuliza, hiki kilichobaki kitadumu muda gani? Akasema, mzee, tumwombe Mungu. Daktari akianza kukwambia umwombe Mungu, ujue yeye kazi yake imeisha. Sasa naona kama mtu anayechungulia ndani ya mzinga kupitia tundu la kuingilia nyuki. Katikati kuna mwanga, kote kuzunguka ni giza, na tundu lenyewe linazibwa kidogo kidogo.

Baba alikuwa mrina asali wa Ipole. Hakuniachia shamba wala ng'ombe, aliniachia kazi. Shule niliishia darasa la tatu na walimu hawakunililia. Nyumba yangu ya Cheyo, hapa Tabora mjini, nimeijenga kwa asali na nta, kwanza nikibeba kwa baiskeli, baadaye kwa lori. Watoto wangu wote wamesoma mpaka wananisahihisha Kiswahili mezani. Sisemi hivi kujisifu. Au najisifu, sawa, nani mwingine atanisifu? Ninachotaka kusema ni kwamba hayo yote yametoka kwa mtu mmoja ambaye amelala porini, na kati ya waliomzika nimebaki mimi peke yangu. Nikipofuka, amepotea.

Alianguka mtini. Mimi nilikuwa nimeshaota ndevu, nilikuwa chini nimeshika kamba, na yeye alikuwa juu anateremsha mzinga. Tawi likakatika. Hakufa pale pale, alikaa kambini akihema vibaya, akafa wakati tunabishana kama tumbebe au tusimbebe. Kijiji kilikuwa mbali mno na jua lilikuwa la kiangazi. Baba mdogo, mdogo wake, akasema azikwe hapo hapo, juu kidogo ya kona ya mto, karibu na dimbwi tulilokuwa tunachota maji.

Hatukuwa na sanduku. Hatukuwa hata na mkeka wa maana. Baba mdogo akasema kaka yake hawezi kutupwa udongoni kama mbegu. Palikuwa na myombo mkubwa, umenyooka, kichwani kabisa pa kaburi. Wakaukata gome juu na chini, wakalipasua kwa urefu, wakalichuna zima kama tunavyochuna la kutengenezea mzinga. Tukamlaza baba ndani, tukalifunga kwa kamba za magome, tukabana kwa vijiti. Alizikwa ndani ya mzinga, kwa kusema kweli. Halafu baba mdogo akachukua shoka, akachora kwenye mti ule uliobaki uchi alama ya mizinga ya baba: mikato mitatu kama mguu wa kuku. Kila mrina asali alikuwa na alama yake, na hakuna aliyegusa mzinga wenye alama ya mwenzake. Akasema, "Mti huu ndiyo kaburi. Hautapotea."

Msimu uliofuata tulirudi. Mti ulikuwa na majani. Tukaacha pale chini sega la kwanza, maana kwetu sega la kwanza la msimu ni la wazee na hakuna anayelamba kidole kabla yao. Baada ya hapo mimi niliingia mjini na baiskeli yangu. Baba mdogo naye akafa. Pori likaja kuwa hifadhi. Na mimi nikabaki na ule mti kichwani, na majani yake.

Nilipomwambia binti yangu habari ya macho na habari ya kaburi kwa siku moja, akasema mume wake siku nyingi anataka kwenda hifadhini wajiendeshe wenyewe, bila dereva wala kiongozi. Wangeazima gari la jamaa yao, lenye hema juu ya paa. Nikamwuliza, mtu mzima anapanda kulala juu ya gari kama kuku? Akasema ndiyo mtindo. Nikasema hema langu mnifungie chini.

Mkwe wangu ni Mzaramo. Anayejua ataelewa shida yake. Kama mkwe anapaswa kuniheshimu mpaka macho yaangalie chini. Kama Mzaramo ni mtani wangu, utani wa tangu misafara ya pembe, wakati babu zetu walipokuwa wanafika pwani na mizigo na babu zao wanawapokea. Kwa hiyo yeye huanza na ruhusa.

"Baba, kama mkwe ninyamaze. Kama mtani niseme?"

"Sema, unaumwa na kitu."

"Babu zenu walitembea kwa miguu kutoka hapa Unyanyembe mpaka baharini, pembe begani. Leo mjukuu wao hatujafika hata Sikonge, analalamika kiti cha ngozi kinamwumiza mgongo."

"Na babu zenu walikaa kule kule wakingoja waletewe," nikamwambia. "Ndiyo maana mpaka leo hujui njia, unaambiwa na simu."

Binti yangu alicheka mpaka akaziba mdomo kwa kanga. Hicho ndicho kipande cha safari ninachokikumbuka bila uchungu.

Pale Ipole niliwasimamisha. Nikashuka kwa mrina asali mmoja ninayemfahamu, nikachukua masega mazima, hayajakamuliwa, nikayaweka kwenye kindoo cha plastiki chenye mfuniko. Binti yangu akaniangalia kwenye kile kioo cha dereva.

"Baba, hiyo ya nani?"

"Ya babu yako."

"Baba, mambo ya mizimu tena? Wewe ni mzee wa kanisa."

"Wewe ukimletea mama yako kanga unaitwa mchawi? Nampelekea baba yangu asali. Endesheni gari."

Wakaendesha. Tuliacha lami, tukaingia barabara ya vumbi, na kindoo nikakipakata.

Getini tulipokelewa na askari wa hifadhi, Msukuma kwa sauti yake. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, kisha akaniongezea mwangaluka, salamu ya asubuhi ya kwetu, na hapo nikajua naweza kuzungumza naye. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza.

"Mzee, baba yako alizikwa humu ndani?"

"Kabla wewe hujazaliwa, na pengine baba yako."

"Sasa tatizo ni hili. Ndani huruhusiwi kushuka kwenye gari, isipokuwa kambini. Kuna nyati, kuna simba. Sisi tukikuachia ukatembea ukaumia, ni sisi."

Nikamwambia nyati tunafahamiana. Akatabasamu, lakini hakubadilisha neno. Kijana hakuwa mbaya. Aliingia ndani akaongea na mkubwa wake kwenye redio, akarudi na jibu: leo tutembee kwa gari kama wageni wengine, nitafute kona yenyewe nikiwa garini. Nikiitambua, kesho asubuhi atakuja na bunduki, tutashuka kidogo, tutaangalia, basi.

Nikakubali. Ningefanya nini?

Sasa nikwambieni kitu ambacho sikukijua. Pori ukiwa juu ya kiti, nyuma ya kioo, si lile pori. Sisi njia zetu zilikuwa za mguu. Nilijua kona kwa harufu ya tope, nilijua kilima kwa magoti, nilijua tumekaribia maji kwa jinsi udongo ulivyobadilika chini ya nyayo. Garini magoti hayajui kitu. Miti ilipita ikiwa imefuatana kama watu kwenye foleni, yote mirefu, yote ya kijivu, na mimi naiangalia kupitia katundu kangu. Nikigeuza kichwa kushoto nipate kuona mto, kulia kumekwenda.

"Baba, hapa?" binti yangu alikuwa akiuliza kila tulipofika penye maji.

"Bado."

Ndorobo, wale inzi wa porini wanaong'ata, waliingia garini. Mkwe alikuwa amevaa shati la bluu, na ndorobo anapenda bluu kuliko damu yenyewe. Walimng'ata mgongoni mpaka akawa anaendesha amejikunja. Nikamwambia avue. Akasema hawezi kukaa kifua wazi mbele ya mkwe wake. Nikamwambia basi vaa heshima yako, uone kama wao wanaiheshimu. Simu yake nayo ilikosa mtandao, ramani ikaonyesha tupo katikati ya mto. Yeye alichokuwa anataka ni simba, tu. Tuliona swala, tukaona nyati kwa mbali, binti yangu akapiga picha kindoo changu cha asali na nyuma yake twiga. Hiyo ndiyo picha mliyoiona.

Mchana ukiwa umeshageuka, tulifika kwenye dimbwi kubwa lenye viboko, na juu yake mto ulikuwa umepinda kama mkono uliokunjwa. Moyo wangu ukaruka. Nikasema simamisha. Nikateremsha kioo nikanusa. Lilikuwa tope lile lile.

"Hapa," nikasema. "Hapa ndipo tulipokuwa tunachota."

Binti yangu alinishika bega. Mkwe alizima gari, tukasikia viboko wanakoroma. Kwa juu yake kulikuwa na msitu, mti kwa mti. Nikaangalia mpaka macho yakatoa maji. Myombo mkubwa ulionyooka sikuuona, lakini nikajipa moyo kwamba ni kioo, ni umbali, ni macho. Kesho nitakuwa kwa miguu.

Tulikwenda kambini jua likiwa bado lipo. Binti yangu alibandika chai. Mkwe alikuwa anajipaka dawa mgongoni, na kwa kuwa alikuwa amepata furaha ya kuniona nimefurahi, akataka nimweleze tena jinsi tulivyomzika baba. Nikamweleza. Nikamweleza jinsi gome linavyokatwa, jinsi linavyochunwa zima bila kupasuka, jinsi baba mdogo alivyochora mguu wa kuku. Alisikiliza vizuri, kama mtu wa pwani anavyosikiliza habari za bara. Halafu akauliza. Hakuuliza kwa utani, wala hakuomba ruhusa. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Baba, mti ukishachunwa gome lote kuzunguka, huwa unapona?"

Nilikuwa na kikombe mkononi. Nikakiweka chini.

Mti ukishachunwa gome kuzunguka hauponi. Hilo kila mtoto wa Ipole analijua. Unabaki na majani msimu huo, pengine na unaofuata, kwa sababu mti haujapata habari bado. Kisha unakauka, mchwa wanaingia, moto wa kiangazi unapita, unaanguka, na moto mwingine unamaliza. Mimi mwenyewe nimechuna miti ambayo siwezi kuihesabu. Nimeuza mizinga ya magome kwa watu wa wilaya tatu. Na siku ile porini tulikuwa watu wazima, warina asali watupu, hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo kusema, jamani, huu si ndio mti tunaotaka ubaki?

Nimefikiri sana kwa nini. Si huzuni peke yake. Ni kazi yenyewe. Mtu ukishachuna gome unaondoka nalo begani, unawaza mzinga. Hakuna anayerudi kuuangalia mti. Ndivyo tulivyofundishwa na ndivyo tulivyoishi, na ndivyo tulivyomzika baba. Na mimi nikatembea maisha yangu yote na mti wenye majani kichwani, kwa sababu siku ya mwisho kuuona ulikuwa nayo.

"Hauponi," nikamjibu.

Mkwe aliinamisha kichwa. Alielewa alichokifanya, na hakikuwa kosa lake. Binti yangu alisema, "Lakini baba, kisiki kitakuwepo. Au shina limelala pale." Nikamwambia anywe chai yake.

Asubuhi askari alikuja kama alivyoahidi. Ningeweza kumwambia arudi. Sikumwambia. Nilikuwa nimeshafika pale, na mtu akishafika anaingia. Tukashuka kando ya lile dimbwi, yeye mbele na bunduki, mimi nyuma yake na kindoo, binti yangu amenishika kiwiko kama anamvusha kipofu barabara. Nikamtoa mkono. Hatua chache mbele nikajikwaa, akanishika tena, nikamwacha.

Juu ya kona palikuwa na miti mingi, michanga kuliko ule niliokuwa nautafuta. Na chini palikuwa na magogo. Yalilala huku na huku, meusi kwa moto, mengine yameliwa na mchwa yakabaki ganda, ukikanyaga mguu unazama. Visiki vilikuwepo. Kila baada ya kidogo kisiki. Nilipiga magoti kwenye cha kwanza, nikakipapasa kwa viganja vyote viwili, nikitafuta mikato mitatu, huku nikijua kwamba alama ilikuwa usawa wa kifua cha mtu na kisiki kinanifika gotini. Nikaenda cha pili. Mkaa ulinishika mikono yote. Kichuguu kimoja kilikuwa kimepanda juu ya kitu fulani, na nikafikiri, huenda ni hapo, mchwa wamemjengea. Kisha nikaona kingine kama hicho, na kingine.

"Mzee," askari akasema kwa sauti ya chini, "naona muda wetu unakwisha."

"Naona."

"Naomba nikushauri kama mtoto wako. Hata hiki unachokishika kinaweza kuwa chenyewe. Chagua kimoja, useme maneno yako, uwe na amani."

Alisema kwa wema. Lakini nilipandwa na hasira ambayo sikuitegemea.

"Baba hachaguliwi kama kuku sokoni," nikamwambia. "Nikikosea, namwambia mtu mwingine maneno ya baba yangu. Au nakiambia kisiki."

Binti yangu alikuwa ametoa simu. Akasema, "Baba, ngoja niweke alama kwenye ramani, mtandao ukirudi itabaki. Watoto wangu waje siku moja."

"Alama ya nini? Ya mahali tulipochoka?"

Akairudisha simu mfukoni. Nilimwona machozi. Hilo nililiona vizuri kabisa, lilikuwa katikati ya tundu.

Nikafungua kindoo. Nilifikiri angalau nimwage pale pale, pote, kila kisiki kipate chake, wazee watagawana wenyewe. Askari akanyoosha mkono, hakunishika, aliuweka tu kati yangu na ardhi.

"Hapana, mzee. Chakula hatuachi humu. Nyegere wanafuata asali mpaka kambini, wageni wanaumizwa. Nisamehe sana."

Nyuki walikuwa wameshafika, wachache, wanazunguka kindoo. Niliwasikia kuliko nilivyowaona. Nikafunga mfuniko.

Tukiwa tunatoka, karibu na geti, mkwe alikanyaga breki mpaka nikagonga paji la uso. Simba. Walikuwa wamelala kivulini kando ya barabara, kwa jinsi mkwe alivyoeleza, jike na watoto wake. Alisahau kila kitu, masikini, alisahau hata mgongo wake, akawa ananong'ona kama mtu aliyeingia kanisani. Binti yangu naye akanyanyuka kwenye kiti. Halafu akanikumbuka.

"Baba, unawaona? Pale, chini ya kile kichaka."

Nikageuza kichwa. Nikaona majani makavu, kipande cha kichaka, kipande cha barabara. Nikageuza tena kidogo, nikaona majani mengine.

"Nimewaona," nikasema. "Wazuri."

Akafurahi. Mkwe akasema, baba, sasa tunaweza kurudi nyumbani, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefanikiwa. Sikumnyima.

Njia yote mpaka Tabora kindoo kilikaa mapajani mwangu. Pale Ipole waliniuliza kama tusimame, nikasema tupite. Sikutaka yule mrina asali aone nimerudi nayo.

Tangu hapo jicho la kushoto limefunga. La kulia ninalitumia kuandika haya, kwa kalamu nene, herufi kubwa, na yakiisha yameisha. Binti yangu anataka twende tena kiangazi kijacho, anasema askari yule amempa namba yake. Nimemwambia aende na mume wake wakaangalie wanyama.

Asali iko jikoni. Kutupa siwezi, na kuirudisha porini hairuhusiwi. Wajukuu wameigundua, wanaipaka kwenye mkate asubuhi, wanalamba vidole, na hakuna aliyewaambia kitu. Mimi chai yangu nakunywa na sukari.